Namba Yako na Namba Yangu

Katandala, Sumbawanga
Jumapili, 9 Machi 2025

Dada yangu Bertilla,

Shikamoo. Nakuandikia asubuhi, nimekaa kwenye benchi la baba upande wa jua, maana baridi ya leo imeingia hadi kwenye mifupa. U hali gani? Joto la Kipili limekuzoea, au bado linakuamsha kabla ya jogoo? Ndugu yetu Cornelia hajambo, na biashara yake ya samaki wa migebuka inakwendaje? Mimi nipo, namshukuru Mungu. Habari za afya yangu nitakueleza mbele, na safari hii nitakueleza kweli.

Nimeandika kwa herufi kubwa, upande mmoja wa karatasi, ili usome mwenyewe polepole bila kumwomba Cornelia akusomee. Ningeweza kupiga simu. Lakini simu anapokea yeye, na mimi nikiishiwa pumzi katikati ya maneno husingizia mtandao. Hamis, yule mwenye duka karibu na soko anayeshusha sukari Kipili na kupandisha dagaa, anashuka kesho, na ameahidi kukukabidhi barua hii mkononi mwako.

Mvua huku haijatusahau. Majani yamepita magoti, na kila shamba ukitazama kuelekea milima ya Mbizi watu wameinama wakiyafukia kwenye matuta ya ntumba, tayari kupanda maharage. Jumuiya wanakuulizia kila Jumamosi. Juzi jirani yetu Justa aliniuliza mbele ya watu wote kama nimemfukuza dada yangu au nimemwoza upya ziwani, na kama nimemwoza, mahari iko wapi. Walicheka mpaka wakafuta machozi. Mimi nilicheka kidogo.

Barua yako ya Januari nimeisoma mara nne. Umeandika kwamba unatunzwa vizuri, ila unakaa kama mzigo uliosahaulika bandarini ukimngoja mwenyewe. Kwamba watoto wa pale wanakuita Bibi Sweta, kwa sababu hukubali kulivua hata saa saba mchana. Mwishoni umeuliza swali moja tu: namba yako ya damu imeshuka kiasi gani, na lini utaruhusiwa kurudi nyumbani. Hukulalamika. Ungelalamika ingekuwa nafuu kwangu.

Kwa hiyo turudi mwezi wa nane, tulipokwenda wote kliniki. Unakumbuka Daktari Mariana alivyokueleza kwamba ugonjwa wako si ule wa presha inayopimwa mkononi. Hii ni presha ya ndani, kwenye mishipa inayopeleka damu mapafuni. Mishipa ile imekaza, na upande wa kulia wa moyo unasukuma damu kwa nguvu kuliko ulivyoumbiwa, hadi unachoka. Alipouliza habari za mama na mama mdogo, tukamweleza jinsi wote wawili walivyokwisha kwa kuhema, akataka na mimi nipimwe, maana ugonjwa huo unaweza kutembea katika ukoo. Nilimwambia mimi ni mzima, nina uzee tu. Akajibu kwamba uzee nao tutaupima.

Tukapigwa picha za moyo. Tukatembezwa kwenye korido dakika sita, mmoja mmoja kwa zamu kama ilivyopangwa, lakini wewe hukusubiri zamu yako, ukanifuata, na kwenye mzunguko wa tatu ukanipita. Ukaniambia kwa Kifipa kwamba nikichoka nikupe ishara, utanibeba mgongoni kama tulipokuwa tunatoka kisimani. Nesi alicheka, akakurudisha uanze upya. Na ulipoanza upya bado ulikwenda mbali kuliko mimi. Jambo hilo lilikuwa mbele ya macho yangu, dada. Sikulitazama.

Kisha tukatolewa damu. Daktari alieleza kwamba moyo ukielemewa na kutanuka humwaga kitu fulani kwenye damu, na kadiri unavyoelemewa namba yake hupanda. Akasema pia kwamba huku juu hewa ni nyepesi, nayo humwongezea mzigo mtu mwenye moyo wa namna hiyo. Huenda mmoja wetu akalazimika kuishi sehemu ya chini. Nani, angesema mwenyewe baada ya kuona vipimo vyote kwa pamoja.

Baada ya wiki tatu nilikwenda kuchukua majibu. Yako yalikuwa 940, yangu 810. Jioni ile jikoni nilikusomea namba zote mbili, nikakuambia yako ndiyo kubwa, na kwamba daktari amesema ushuke ziwani kwa Cornelia. Nikakufundisha kama nilivyofundisha jiografia miaka yote ile: hapa ni karibu mita elfu moja na mia nane juu ya bahari, pale Kipili hazifiki mia nane. Ulikoroga uji, halafu ukaniuliza kama daktari amekumbuka ulivyotembea. Nikasema amekumbuka. Mwanzo wa mwezi wa kumi ulifunga nguo zako, ukanionyesha jembe linapokaa, ukapanda gari.

Dada Bertilla, daktari hakuwa amesema. Siku ile hakuwepo kabisa. Nesi alinipa karatasi na kunisihi tungoje arudi kutoka Mbeya. Mimi, kwa kuwa katika nyumba hii ndimi msomaji wa karatasi tangu darasa la tano, nilizisoma mwenyewe, nikalinganisha namba mbili kama mtu anavyolinganisha madebe mawili ya mahindi. Wakati huo niliamini kweli kwamba wewe ndiye uliye hatarini. Maneno niliyoyatia kinywani mwa daktari yalikuwa ya kwangu.

Kama ingeishia hapo, ningekuomba radhi kwa kosa la mwalimu mwenye kiburi. Haikuishia hapo.

Mwishoni mwa mwezi wa kumi nilimkuta daktari. Aliniuliza uko wapi. Nikamjibu kwa majivuno kidogo kwamba nimekwisha kukushusha. Aliweka kalamu chini, akauliza: Mwalimu, nani amemtuma? Akanieleza polepole kwamba damu ya wanawake kwa kawaida huwa na kitu kile kwa wingi kuliko ya wanaume, hata wakiwa wazima, kwa hiyo 940 yako na 810 yangu hazipimwi kwa mizani moja. Akasema ugonjwa huu huwakamata wanawake wengi zaidi, lakini ukishamkamata mwanamume, mara nyingi yeye ndiye huanguka mapema. Moyo wa mwanamke huonekana kuuhimili mzigo vizuri zaidi, na wataalamu bado wanabishana kwa nini. Nikauliza kama hiyo ni hukumu. Akasema hapana, ni hesabu ya watu wengi, haimfungi mtu mmoja. Ila picha ya moyo wangu na mwendo wangu wa koridoni vilikuwa vinasema jambo lilelile.

Wewe, alisema, ungeweza kubaki nyumbani, kwa vidonge, kwa kukaa mbali na moshi wa kuni, na kwa kupimwa kila miezi mitatu. Wa kushuka ni mimi. Akaniagiza nikupigie simu siku ileile.

Sikupiga. Nilijiambia nitapiga baada ya kupanda, kisha baada ya Krismasi, kisha mvua zikipungua. Ukweli ni mfupi kuliko visingizio hivyo. Miaka arobaini na moja niliyokaa Lindi waliniita Mfipa. Niliporudi, hapa Katandala wakaniita Mzee wa Lindi. Ni ndani ya nyumba hii tu, kwenye benchi hili, ambamo hakuna aliyeniuliza nimetoka wapi. Nilijua mmoja wetu lazima awe mgeni mahali, nikakuacha uwe wewe. Zaidi ya miezi minne, dada yangu, nimelala nyumbani kwa kutumia ugeni wako.

Na ntumba. Nilikuandikia kwamba nimezimaliza zote za kiwanja cha nyuma, ukanisifu. Nilimaliza nne, kwa siku tisa. Kwenye ya tano nilipiga magoti nikashika mpini kwa mikono miwili hadi pumzi iliporudi, na hapo ndipo nilipokuona tena unanipita kwenye korido ile.

Nimemwambia Daktari Mariana yote. Hakunigombeza, alifungua kalenda yake. Atakuona tarehe 26, na dawa zako zitakuwa tayari. Jiko la kuni nimelifunga, nimeweka la gesi. Justa atakuonyesha namna ya kuliwasha, naye atakutania, uvumilie. Ijumaa, Hamis akishuka tena, nitakuja naye, na gari hilohilo litakupandisha Jumapili ukipenda. Msipande kwa haraka. Lala Namanyere usiku mmoja, na kifua kikibana usiendelee, mpigie daktari. Namba yake nimeiandika nyuma ya karatasi hii. Nawe usichukulie habari hii kwamba umepona. Ugonjwa unao. Lakini nyumba nayo unayo, na uamuzi ni wako, si wangu wa kukusomea tena.

Sikuombi unisamehe kwa njia ya barua. Nikifika utaniambia mwenyewe, kwa sauti yoyote unayotaka, hata mbele ya Cornelia. Najua atakasirika. Mwambie ana haki, ila aniachie kitanda karibu na dirisha.

Ndani ya bahasha utaona ufunguo wa mlango wa mbele. Usimpe mtu. Salamu zangu kwa wote wa nyumba hiyo, na kwa watoto wanaokuita Bibi Sweta. Waambie anakuja babu atakayelivaa kwa zamu.

Jembe sikulirudisha mahali pake. Limesimama kwenye ntumba ya tano, pale nilipoliacha. Utalikuta.

Mimi mdogo wako,
Urbano