Mbuzi wa Idd na Toleo la Nne

Jumatatu, 3 Januari 2005

Daftari jipya! Mama kanipa nilipoondoka Handeni. Kasema niandike humu yale ninayoshindwa kusema. Basi litajaa upesi.

Niko Old Korogwe kwa baba mdogo Isihaka, fundi wa mashine za kusaga. Kidato cha nne nimemaliza, matokeo bado. Leo nimeanza kwenye kituo cha kompyuta cha Mwalimu Ponsiano, mwalimu mstaafu wa hesabu, ndiye aliyenifundisha kuandika programu likizo mbili zilizopita. Kompyuta ziko nne, zote mtumba wa Ulaya. Moja ina kibodi ya Kijerumani, Y na Z zimehama nyumba! Mwalimu anasema zamani hata sabuni ilipangiwa foleni, siku hizi soko huria, hata akili inakuja kwenye marobota.

Baba amenikubalia kwa sharti. Atakuja siku chache kabla ya Idd ya kuchinja. Akiona kitu nilichotengeneza mwenyewe, kinafanya kazi, nabaki Korogwe. Asipoona, narudi naye Handeni nikasubiri matokeo huku napukuchua mahindi. Amesema bila ukali. Ndiyo inatisha zaidi.

Jumatano, 5 Januari

Kazi yangu nimeijua! Chama cha wafugaji wa Handeni kinataka tovuti ya mbuzi wa Idd. Mfugaji anaandikisha mbuzi wake, mnunuzi wa Tanga au Dar anamwona na kuweka oda kabla ya mnada. Iwe wazi Jumatatu tarehe 17. Mwalimu kasema macho yake yamechoka, niandike mimi. Mimi!

Mzee Koikai amekuja kutoka Handeni kwa niaba ya chama, pamoja na binti yake Nasinkoi. Nasinkoi nimesoma naye, sasa anakaa kwa shangazi yake hapa hapa Old Korogwe. Nimeinamisha kichwa kwa salamu yao ya Kimaasai, mzee akanigusa utosini. Kisha nikamsomea fomu yangu. Swali la kwanza: idadi ya mbuzi.

Mzee akatazama mlangoni. Nikadhani hajasikia, sauti yangu ninaijua. Nikarudia. Nasinkoi akanifinya: we Mwanaidi! Baba hahesabu mifugo yake mbele za watu, unataka wafe?

Nilitamani kuingia chini ya meza. Mwalimu akacheka, akamwomba mzee aeleze tu walivyo. Basi mzee akafumba macho, akawataja mmoja mmoja kama anawaona wanapita zizini: mwekundu mwenye paji jeupe, mweusi wa sikio lililochanika, wa kijivu anayetembea nyuma siku zote... Nimefuta swali la idadi. Kila mbuzi atakuwa na mstari wake. Imependeza zaidi!

Ijumaa, 7 Januari

Sidii ya PHP imefika kwa basi la Dar. PHP ndiyo lugha nitakayoandikia, na lazima ikae ndani ya kompyuta ili kompyuta inielewe. Kuivuta kwa intaneti yetu ya laini ya simu ni kazi ya siku mbili, kwa hiyo Mwalimu alimwagiza kondakta. Alimwambia: lete mpya kabisa, usikubali ya zamani. Imekuja toleo la tano.

Sasa. Ukutani kuna barua ya kampuni ya Dar itakayotunza tovuti yetu kwenye seva yake. Imeandikwa kule wanatumia toleo la nne. Nimeisoma mara tatu. La nne kule, la tano hapa.

Nikafungua mdomo. Mwalimu alikuwa ameinua sidii dirishani, anaitazama inavyong'aa, amefurahi kama mtoto. Nikafunga mdomo. Mimi ni nani? Labda la nne na la tano yanaelewana, kama ndugu.

Jumapili, 9 Januari

Toleo la tano tamu! Kuna neno ukiliandika, kitu kinakuwa cha faragha, walio nje hawakigusi. Neno la watu kama mimi. Nimeliweka kila mahali. Kuna na namna ya kudaka makosa kabla hayajaanguka chini, kama unavyodaka kikombe.

Kwenye kompyuta yetu mbuzi wote wa mzee Koikai wanajipanga vizuri, mwekundu mbele. Nimecheza peke yangu kati ya meza. Kumbe Nasinkoi yuko dirishani! Sasa ananiita Disko.

Jumanne, 11 Januari

Umeme hakuna. Nimekunywa uji mara mbili.

Alhamisi, 13 Januari

Leo tumepandisha mafaili kwenye seva ya Dar. Dakika arobaini. Nikafungua ukurasa — sentensi moja ya Kiingereza. Kosa, mstari wa saba. Hapa kwetu mstari wa saba hauna kosa! Mwalimu kasema ni mvua, imeharibu laini. Tukapandisha tena. Mstari wa saba. Tena. Mstari wa saba.

Mstari wa saba ndiko nilikoandika lile neno la faragha kwa mara ya kwanza. Ni la toleo la tano. La nne halilijui. Nimehisi tangu Ijumaa iliyopita, sikusema.

Jioni kwa baba mdogo kaja mteja kutoka Kerenge, anaitwa Mdoe, na beringi mpya imefungwa kwenye gazeti. Mashine yake ya kusaga imesimama wiki nzima. Alimtuma shemeji yake Tanga, akamwambia lete mpya, nzuri. Imeletwa, inang'aa, haiingii kwenye shafti.

Baba mdogo akashika kiuno.

"Ile ya zamani ulimpa aende nayo?"

"Ile mbovu? Ya nini?"

"Mdoe bwana! Ukimtuma mtu spea bila sampuli, umemtuma matembezi. Mashine haiulizi kipi kipya. Inauliza kipi kinaingia!"

Watu wakacheka, Mdoe mwenyewe akacheka, kasema shemeji kweli alirudi amenenepa. Mimi nimemwaga chai.

Ijumaa, 14 Januari

Nimesema! Asubuhi, Mwalimu hajakaa hata kwenye kiti. Yalitoka yote kwa mkupuo: barua, toleo la nne, toleo la tano, beringi ya Mdoe, sampuli, samahani Mwalimu, shikamoo. Shikamoo ikawa ya mwisho.

Mwalimu kaenda ukutani. Kasoma barua. Kavua miwani.

"Marahaba," kasema. Halafu: "Hii barua nimeibandika kwa mkono wangu na sikuisoma. Wewe umeisoma ukanyamaza. Nani ana kosa kubwa?"

Nikatazama viatu.

"Jibu."

"Nusu kwa nusu, Mwalimu."

Alicheka mpaka akakohoa.

Kapiga simu Dar kuomba watuwekee toleo la tano. Kaka Stefano, anayetunza seva, kakataa kwa upole. Kwenye mashine ile wamo wateja wengi na wote wameandikia la nne. Akibadilisha, tovuti zao zitaanguka ili yetu isimame. Ana haki. Basi sisi ndio turudi nyuma. Yaani mimi.

Jumamosi, 15 Januari

Nafumua. Maneno ya faragha — nje. Kudaka makosa — nje. Inauma kama kufumua gauni ulilolishona mwenyewe, tena likiwa limekukaa.

Alasiri nimemaliza, nimepandisha, nimefungua. Mstari wa saba haulalamiki tena! Hakuna kosa lolote!

Hakuna na mbuzi. Ukurasa mweupe. Mweupe pe.

Jumapili, 16 Januari

Mwalimu kaenda Mpale kwenye msiba. Kaniachia funguo, simu yake ya mkononi yenye vocha, na namba ya kaka Stefano. Kasema nikikwama nipige kesho akiwa kazini. Nikamwambia nitambipu. "Mwanaidi," kasema, "mtu wa seva habipiwi. Anapigiwa, na unaongea."

Nimekaa mbele ya weupe ule tangu asubuhi. Kosa likikupigia kelele unajua pa kuanzia. Hili limenyamaza tu. Kama mimi! Maelezo yote niliyonayo yalikuja na sidii, yote ni ya toleo la tano. Hayaniambii la nne linataka nini.

Kesho Baba na mzee Koikai wanakuja kwa basi la kwanza. Wanunuzi wameambiwa wafungue saa sita mchana. Nimefanya mazoezi ya kuongea na simu, mbele ya kioo. Simu ilikuwa imezimwa.

Jumatatu, 17 Januari

Saa tatu na nusu. Wamefika. Baba, mzee Koikai, Nasinkoi, na baba mdogo kafuata na grisi yake mikononi. Wamekaa nyuma yangu mstari mmoja kama kwa kinyozi. Nimewaamkia. Baba kasema, haya, fungua tuone.

Nikafungua. Weupe.

Baba mdogo: "Mbuzi wameenda kunywa maji?"

Nasinkoi akacheka, mzee Koikai akacheka. Baba hakucheka. Alikuwa ananitazama mimi, hatazami kompyuta. Nikasema, Baba, bado haijakubali, naomba nipige simu.

Na nikapiga. Mbele yao wote! Sauti ilianza kama ya mbu.

"Nani? Sikusikii!"

"Mwanaidi! Wa Korogwe! Mimi ndiye niliyeiandika!"

"Wewe? Mwalimu yuko wapi?"

Msibani, nikamwambia. Akaanza kunieleza harakaharaka, maneno mengi, mimi naitikia tu ndiyo, ndiyo, sielewi hata moja. Nikageuka. Nikaiona mikono ya baba mdogo. Grisi. Mdoe. Nikamkatiza — mimi, kumkatiza mtu mzima!

"Kaka Stefano, samahani, usinieleze. Nipe sampuli. Nitumie faili moja tu ambalo leo hii linafanya kazi kwenye mashine yako. Hata dogo. Nitalilinganisha na langu."

Kasema hajawahi kuombwa hivyo, lakini analituma. Baba mdogo kajipiga paja: "Ufundi ndio huo!"

Saa nne na robo. Limekuja kwa barua pepe. Nimelichapa, nimeliweka kando ya langu, kidole huku, kidole kule, mstari kwa mstari. Nasinkoi ananishikia karatasi feni isiipeperushe.

Saa nne na nusu. NIMEONA! Kuna kile kipande kinachoamka chenyewe ukurasa ukifunguliwa, ndicho kinachowaita mbuzi. Toleo la tano limekipa jina lake maalumu. La nne halilijui jina hilo. Kwake kipande lazima kiitwe jina lile lile la kundi lake, kama mtu kurithi jina la ukoo. Sikulirithisha. Kwa hiyo kilisikia jina geni, kikaendelea kulala, na mbuzi hawakuitwa. Neno moja! Nimebadilisha. Napandisha.

Saa tano kasoro dakika tano. Bado linapanda. Laini leo inatembea kama mbuzi wa kijivu. Mzee Koikai kauliza kama mwekundu mwenye paji jeupe yumo. Nikasema yumo, mzee. Akanikazia macho.

"Umewahesabu?"

"Hapana mzee! Nimewataja tu."

"Vema, entito," kasema. Kwa Kimaasai ni msichana. Kakunja kitambaa chake, katulia.

Nyuma yangu nasikia Baba anamnong'oneza: huyu nyumbani mgeni akija anakimbilia jikoni, nami nilidhani ni maradhi. Leo anamkatiza mtu wa Dar. Mzee kamjibu kitu, sikukisikia. Baba kacheka kidogo puani. Sijageuka.

Saa tano na dakika kumi. Limefika lote. Nimebonyeza.

Kioo ni cheupe. Sijui kama ni weupe wa kusubiri au ule wa juzi. Taa ya modemu inawaka, inazima, inawaka. Nasinkoi kashika bega langu, anabana.

Baba kanyoosha mkono, kaichukua simu ya Mwalimu mwisho wa meza, kaniwekea hapa karibu na daftari, nipige tena ikibidi. Sijamwomba.