Kiti cha Mgeni Nyuma ya Msumeno

Nangara, Babati
8 Juni 2003

Mwanangu Romana,

Habari za Moshi na baridi yake? Sisi wazima. Mama yako miguu inamsumbua asubuhi, lakini ikifika saa nne anatembea kunishinda mimi.

Nikupe habari. Tangu Babati iwe makao makuu ya mkoa, mbao zinashushwa hapa kwa malori, kila mtu anajenga, na mimi mstaafu nimekaa kama mgonjwa. Mama yako anataka meza ya chakula na kabati la vyombo. Nimekata shauri kupata msumeno wa meza, ule wa umeme, niufunge nyuma ya nyumba. Marcelino, fundi wa kuchomelea wa njia ya Bonga, anao mmoja alioutengeneza kwa mota ya mashine ya kusaga. Wewe ndiye unayefundisha useremala, niambie nichague vipi. Ila usiniandikie kama unavyowaandikia wanafunzi wako ubaoni.

Barua ipitie sanduku la posta la Mzee Shaaban kama kawaida. Ananiletea mwenyewe, na anakusalimu sana.

Baba yako

*

Moshi
17 Juni 2003

Shikamoo Baba,

Nimefurahi kusikia mko wazima. Mwambie Mama aache kunawa miguu kwa maji baridi. Mimi sijambo, kazi tu.

Baba, hiyo mota ya kusagia imenishtua. Ile ni ya magunia ya mahindi, wewe unakata mbao za kabati! Usichague kwa nguvu. Shika meza ya msumeno uitikise, ikicheza iache hapo hapo. Angalia kama diski, lile duara lenye meno, ina kinga juu yake, na kama nyuma ya diski kuna bapa la chuma linaloingia kwenye mkato ili ubao usijibane. Wengi hawalijui hilo bapa, na ndilo linalozuia ubao usirushwe. Swichi iwe mbele, uweze kuizima hata kwa goti mikono ikiwa na kazi. Ukingo wa kuongozea ubao uwe sambamba na diski, usiende upande. Na usivae glavu, maana diski ikidaka kitambaa inavuta na mkono.

Kama wa Marcelino hauna hayo, nisubiri Desemba twende wote Arusha tukanunue wa dukani, hata ukiwa mdogo. Kabati halina haraka.

Mwanao

*

Nangara, Babati
13 Julai 2003

Marahaba mwanangu,

Hatujambo. Mama yako ameacha maji baridi, anasema ni kwa ajili yako, mimi nilipomwambia mwaka jana alinuna.

Ushauri wako nilimsomea Marcelino akacheka hadi akakaa chini. Msumeno nimeshauchukua. Kinga ilikuwapo, tumeivua kwa sababu inaniziba nisione mstari. Hilo bapa lako anasema ni pambo la mashine za Wazungu. Glavu sivai, umefurahi? Miguu ya meza nimeshaikata, imenyooka kama ya kununua.

Kinachonipa raha zaidi ni wageni. Watu waliokuwa wanapita barabarani wakipunga mkono, sasa wanaingia. Nimetoa kile kiti kikubwa cha sebuleni, nimekiweka nyuma yangu chini ya upenu wa jiko, pale penye kivuli na pasipofika vumbi. Mgeni anakaa, mimi nakata, tunaongea. Mzee Shaaban akifunga duka mchana hupitia hapa, tunapigiana kelele kushinda mashine. Mtu anataka nini tena?

Baba yako, fundi

*

Moshi
22 Julai 2003

Shikamoo Baba,

Leo siulizi habari za nyumbani, utanisamehe. Barua yako niliifungua nikiwa nimesimama, nikatafuta pa kukaa.

Kiti, Baba! Mambo ya kinga nitakugombeza siku nyingine. Ubao ukibanwa na diski unarudi ulikotoka, na unarudi kwa kasi ambayo jicho haliioni. Hapa karakana yetu kuna shimo ukutani lililotobolewa na ubao, nyuma ya pale anaposimama mkataji. Ndilo ninalowaonyesha wanafunzi siku ya kwanza kabla hawajagusa kitu. Wewe mwenyewe hutakiwi kusimama mkabala na diski, unasimama kando. Halafu mgeni umemkalisha hapo hapo njiani, kwenye kiti kizuri ili asitamani kuondoka!

Najua ndipo penye kivuli. Najua huwezi kumkalisha mtu mzima juani. Basi kihamishie ubavuni, au mgeni akipiga hodi zima mashine, mnywe chai. Nakupigia magoti. Siku naenda bweni mara ya kwanza, Mzee Shaaban ndiye aliyebeba tranka langu begani mpaka stendi. Usimkalishe hapo.

Nijibu upesi.

Mwanao

*

Nangara, Babati
14 Septemba 2003

Mwanangu Romana,

Marahaba. Hukuuliza habari za nyumbani, na mimi sikuwa na nzuri za kukupa. Nimechelewa kujibu kwa sababu kila nikishika kalamu naiweka chini. Usiogope, vidole vyote vipo.

Barua yako aliileta Mzee Shaaban, Ijumaa baada ya swala. Nilikuwa napasua ubao wa mninga kutoa fito za mlango wa kabati. Akakaa kwenye kiti kama siku zote. Tulisalimiana wee, watoto, biashara, ukame, mpaka akakumbuka kilichomleta. Unamjua, hawezi kumpa mtu barua akiwa amekaa. Akasimama, akaja ubavuni kwangu, akainyoosha kwa mikono miwili. Ningemwachaje mtu mzima kama yule amesimama ameinyoosha mikono mbele yangu? Nikauachia ubao, nikasogea upande wake ili nipokee.

Sikuona kitu. Nilisikia mlio kama jiwe limepiga bati. Tulipogeuka, ufito ulikuwa umetoboa mgongo wa kiti, umetokea upande wa pili na kuchimba ukuta wa jiko. Mama yako akatoka na mwiko mkononi. Alikiangalia kiti, akamwangalia Shaaban, akaanza kulia. Mimi nilitaka kuzima mashine, swichi iko chini kwa nyuma, nikaizunguka ile meza nisijue ninatafuta nini.

Shaaban aliniwekea barua mkononi, akaiweka sawa kofia yake, akaondoka. Niliisoma palepale mbele ya kile kiti. Mwanangu, ulikuwa umeandika kila kitu.

Tangu siku hiyo hajakanyaga hapa. Nilikwenda dukani kwake, akaniuzia sabuni vizuri tu, akauliza hali ya Mama yako, basi. Nimemuua rafiki yangu, Romana, ila hakufa.

Baba yako

*

Moshi
20 Septemba 2003

Shikamoo Baba,

Poleni sana. Mpe Mama pole zangu. Nimelia hadi wanafunzi wameniuliza nimefiwa na nani.

Sikulaumu, umeshajilaumu kunishinda. Huo msumeno Marcelino aje auchukue, mota ikarudi kusaga. Lakini usiende tena dukani kwa Mzee Shaaban kununua sabuni. Nenda nyumbani kwake, ukae, umwambie hilo uliloniambia mimi. Na umpe ile barua yangu ya Julai aisome.

Mwanao

*

Nangara, Babati
26 Oktoba 2003

Marahaba mwanangu,

Hatujambo. Miguu ya Mama yako haijambo pia. Marcelino amechukua mashine yake. Safari hii hakucheka.

Barua yako Shaaban alimtuma mtoto ailete, nami nikaenda kwake. Nilimwambia, kisha nikampa barua. Akavaa miwani, akaisoma yote, hata pale pa tranka. Akasema, "Kumbe nilikuwa nayo mfukoni, na bado nikakaa." Akanirudishia kwa mikono miwili, tukaachana hivyo.

Jana mchana nilikuwa napiga msasa meza ya Mama yako, kwa mkono, nikasikia hodi. Alikuwa yeye. Mdomo wangu ukaanza wenyewe kusema karibu kiti, nikakumbuka kiti kilivyo. Naye alikuwa amekuja na kigoda cha dukani kwake, amekibana kwapani. Hakukiweka chini. Alisimama pale mlangoni mwa ua akaniuliza, "Baba Romana, nikae wapi?"

Msumeno haupo, Romana. Ua wote mtupu, kuku tu wanatembea, na rafiki yangu ananiuliza akae wapi. Mama yako ndiye aliyetoka jikoni akamwonyesha pa kukaa.

Baba yako