Aliugua kwa Muda Mfupi

Baba,

Ni wiki ya tatu sasa. Hapa mapokezi, katika hoteli yetu ya Mankhool huku ughaibuni, natabasamu toka asubuhi mpaka taya linauma, na ndani nimekukasirikia.

Unamkumbuka abate wangu? Yule mkuu wa monasteri, Mwingereza wa karne ya kumi na mbili, niliyemwandikia tasnifu chuoni. Ulisoma kila sura na kalamu yako nyekundu mkononi, maana mwalimu wa historia hastaafu. Mtawa aliyeandika maisha yake alimsifu kwa kuwalisha wagonjwa kwa mkono wake mwenyewe, kisha akarukia siku aliposimikwa uaskofu. Katika barua ya mtawa mwingine nikakuta kilichorukwa: abate aliondoka alfajiri bila kuwaaga ndugu zake, nao wakaendelea kumwekea chakula mezani siku tatu. Ukapiga mstari, ukaandika pembeni: "Mwoga. Na aliyemfichia ni mwoga zaidi."

Ulipofariki, Kaka Deo alinipigia. "Ruhusa hujapata, sisi tunazika kesho. Wewe ndiye msomi, andika wasifu wa marehemu." Nikauandika palepale kaunta, huku wageni wakinisukumia pasipoti zao. Ulipozaliwa, shule ulizofundisha, watoto uliowaacha, na ule mstari wa kila wasifu: aliugua kwa muda mfupi. Niliambiwa hivyo, nikaandika hivyo. Ukasomwa kanisani.

Siku ya tisa Shangazi akanitumia ujumbe wa sauti, analia. Mwaka mzima, Baba. Mwaka mzima wa figo na hospitali, na kila Ijumaa nilipopiga simu ulisema ni mafua tu. Shangazi anasema uliwaapisha wote: "Tekla asiambiwe, ataacha kazi."

Ningeiacha, ndiyo. Ningekuja kukupikia uji, tugombane kuhusu chumvi. Nani alikupa haki ya kuniamulia? Uliyemwita abate mwoga ukaondoka kama yeye, na mimi ukanifanya mwandishi wake, yule aliyemfichia.

Deo anasema khalas, yameisha, nisiwaaibishe. Yeye alijua.

Likizo nimepata. Siku ya arobaini nitasimama mbele yao niusome wasifu upya: ugonjwa kwa jina lake, muda wake wote, na kwamba mwanao alifichwa. Deo akitaka kuninyang'anya kipaza sauti, achukue. Darasa lako halikuwa nacho, na waliokaa nyuma walikusikia.

Lala, Baba. Nakupenda, na sijakusamehe.

Tekla