Sumaku Kinywani mwa Fundi Saa

Jumatano, 29 Septemba 1971 — Kibondo

Nimepata meno! Daktari mgeni amenivalisha leo, ya juu na ya chini. Ndani yamefichwa sumaku ndogo zinazosukumana — ya juu yabaki juu, ya chini yakae chini. Ufizi wangu umelika mno, kasema, meno ya kawaida yangecheza tu mdomoni. Bado ni majaribio. Tuliopewa ni wazee wanne tu. Nilipojitazama kwenye kioo nilimwona marehemu baba. Nikalia kidogo.

Jumapili, 3 Oktoba — Kasulu

Zena kakaanga karanga. Nimekula sahani nzima mbele yake. Miaka sita nakula nimempa mgongo mke wangu, na wateja nasema nao nimefunika mdomo. Akaenda kukaanga nyingine. Ufizi unauma. Nitazoea.

Jumatatu, 25 Oktoba

Mfungo wa nne wa Ramadhani. Mvua. Mzee Hilali, mwadhini wetu, kaleta saa yake ya mkono, inasimama simama. Saa hiyo ndiyo inayotufuturisha siku za mawingu. Redio haitufai, magharibi ya Dar huingia mapema kuliko yetu. Nimeisafisha, nimeibadilishia springi. Skrubu nazishika kwa midomo, ndiyo kazi yangu tangu ujana. Siku hizi hata hazianguki, zinanata zenyewe kwenye meno. Nimefurahi, kama nimepewa mkono wa tatu.

Jumatano, 27 Oktoba

Sijui nianzie wapi. Mawingu kutwa. Mzee Hilali katazama saa, kaadhini. Tukala tende, tukanywa uji, watu wapata arobaini. Tunajipanga kuswali, wingu likapasuka — jua lile pale, bado juu ya kilima. Tumefungua mchana. Siku nzima ya mfungo imeharibika, kila mtu ailipe.

Isihaka mwenye duka kasema waziwazi kwamba macho ya mwadhini yamekwisha, apumzishwe. Wengine wakaitikia. Mzee anasema ameisoma saa sawasawa, anaiinua tuione. Nami nilidhani ni macho.

Alhamisi, 28 Oktoba

Asubuhi nimezipitia saa tatu za wateja nilizotengeneza mwezi huu. Zote zinakimbia. Nimefungua moja. Ile springi nyembamba kama unywele, mizunguko yake imegandana, ndiyo maana saa inakimbia. Hiyo ni sumaku, hata mwanafunzi wa wiki moja anajua. Miaka thelathini siruhusu spika ya redio ifike mezani kwangu! Nikachukua dira yangu ya zamani, nikaisogeza mdomoni. Sindano ikanigeukia.

Mimi. Si macho ya mtu.

Nimemwambia Zena. Kasema: sema, mume wangu, yule mzee anabeba aibu isiyo yake. Nikamjibu: nikisema, nani ataniletea saa tena? Na nikiyavua meno kazini, kila mteja ataniona kinywa kitupu. Kasema yeye alikuwa anakiona hata nilipompa mgongo.

Naona haya. Naogopa pia.

Ijumaa, 29 Oktoba

Baada ya swala ya Ijumaa imamu katangaza: suala la mwadhini litaamuliwa leo, baada ya alasiri. Nilikuwa safu ya pili. Sikusimama.

Nimerudi dukani. Mzee Hilali kanifuata na saa yake. Anasema, fundi, itazame tena, kama ni nzima niambie ukweli, nitajiuzulu mwenyewe kabla hawajaniondoa. Miaka ishirini na miwili anaadhini.

Nimevua meno mbele yake, nikayatia kwenye kopo la plastiki, nikalisukuma mwisho wa meza. Ukimtoa daktari, ndiye mtu wa kwanza nje ya nyumba yangu kuniona hivi. Nikamwonyesha dira inavyoligeukia kopo. Nikamwambia yote. Maneno yanatoka na upepo, lakini kaelewa. Kaigeuza geuza saa yake mkononi. Nikadhani atanitukana.

Kasema tu: basi twende ukawaambie wao.

Nimesema aningoje kidogo, naandika kitu. Kakaa kizingitini, saa kaishika mkononi. Watu wanapita kwenda msikitini, wanamsalimia kwa mbali. Nimemwomba atangulie. Hataki, anasema tutaingia pamoja. Halafu kasema kwa upole, bila kunitazama: vaa meno yako, fundi, usiaibike mbele za watu.

Alasiri inaadhiniwa. Si sauti yake, wameshamweka mwingine. Mzee Hilali kasimama. Kopo liko mbele yangu, na mkono wangu u juu yake. Naweka kalamu chini, twende tukaseme.