Chumba Kinachogandisha Hewa

Shari, Bunia
Jumapili jioni

Kwa dada yangu mpendwa, Yaya Adeline,

Pokea salamu zangu nyingi, zimejaa furaha mpaka karatasi inaona haya. Hujambo? Watoto hawajambo? Shemeji Étienne mgongo umepoa? Siye tuko wazima, tunamshukuru Mungu. Nimenenepa kidogo, lakini Ézéchiel anasema nafasi bado ipo.

Yaya, ndoa ni tamu! Asubuhi mume wangu ananiletea chai, halafu anakaa kuniangalia ninavyokunywa, kama vile hajawahi kuona mtu akinywa chai. Hata sasa naandika huku nikicheka peke yangu.

Uliniuliza kwenye simu kazi yake hasa ni nini. Analeta kutoka Kampala matunda yaliyogandishwa: zabibu, na yale madogo mekundu tunayoita freze. Mahoteli na akina mama wanaotengeneza yogati wanayataka mwaka mzima. Watu walimcheka sana. Nchi ya maembe na mananasi, yeye anafuata matunda ya barafu Uganda! Kumbe kuyanunua ndiyo kazi ndogo. Lazima yawe na hati ya kwamba hayana wadudu, watu wa duane, wale wa ushuru, pale mpakani Mahagi wayakague, na njia nzima yakae kwenye baridi ya digrii kumi na nane chini ya sifuri. Yakiyeyuka mara moja tu, hata ukiyagandisha tena yanakuwa uji.

Ndiyo maana amejenga chumba cha baridi nyuma ya nyumba, na mashine yake ya umeme. Kabla lori halijaruhusiwa kuingia, mkaguzi anapaswa kuona chumba kimeshika baridi hiyo kikiwa kitupu. Hapo taabu ilianza. Jirani yetu Falone alichungulia, akapiga makofi: “Munagandisha hewa? Watoto yetu wanakunywa maji moto, na baridi iko inakaa bure!” Akaniletea chupa zake za maji. Mimi bibi harusi mpya, ningemkataliaje? Wewe mwenyewe uliniambia siku ya kuniaga kwamba mwezi wa kwanza wa ndoa neno hapana lisisikike kinywani mwangu katika nyumba ya watu. Nikapokea. Wakaja wengine, nikapokea. Kisha mama mkwe wangu, Mama Joséphine, ambaye tunakaa naye na anauza samaki soko la Nyakasanza, akaanza kulaza humo samaki wake wanaotoka ziwani Kasenyi. Ézéchiel alikuwa Mahagi akihangaika na karatasi za lori, hakujua lolote.

Alirudi pamoja na mkaguzi, Madame Angèle. Madame alipofungua mlango, harufu ya samaki ndiyo iliyomsalimu. Akasoma kipima baridi, ambacho kinaweka kumbukumbu chenyewe, akaona kila mchana joto limepanda. Akauliza kama hapa ni stoo ya matunda au ni Kasenyi, na zile chupa zote ni za nani. Yaya, mume wangu alinitazama, akaelewa, akajibu kwamba ni zake, kwa sababu anapenda sana maji baridi. Chupa thelathini! Nilimpenda upya palepale.

Madame hakucheka. Alisema atarudi asubuhi. Kama baridi imeshika usiku kucha, atatia sahihi; kama haikushika, lori lirudi Kampala. Na mtaji wote wa Ézéchiel ulikuwa ndani ya lori lile.

Tulitoa kila kitu, na Ézéchiel akaenda kutafuta mafuta ya mashine. Sasa Yaya, nikuungamie jambo, na tafadhali usimwambie mama yetu. Mama Joséphine alifika na beseni ya samaki wapya, akasema beseni moja haiwezi kuharibu kitu. Nilifunga mlango kwa ufunguo, nikasimama mbele yake, nikasema: “Hapana, mama.” Akaniuliza: “Weye mutoto wa juzi, unanifungia mulango kwa nyumba ya mutoto wangu?” Nilipiga magoti, nikamweleza kwamba mlango ukifunguliwa mwanawe anapoteza yote, lakini sikuondoka pale. Alibeba beseni yake, akaenda kuwasha moto awakaushe samaki. Moshi ulikuja mpaka chumbani kwangu, nami nililia mpaka Ézéchiel akarudi kunifuta machozi.

Asubuhi Madame Angèle alitia sahihi. Lori lilifika salama, na freze zilikuwa ngumu kama vijiwe. Ézéchiel alinitia moja mdomoni, meno yakauma, nikaona hakuna mwanamke mwenye bahati kama mimi Ituri nzima!

Lakini mama mkwe hakunisemesha. Nilipika, alikula, akarudi kwa samaki wake. Ndipo juzi Falone akarudi na chupa zake. Kabla sijafungua kinywa, sauti ikatoka jikoni: “Samaki yangu miye, mama ya mwenye nyumba, ilikataliwa! Maji yako ni nani?” Falone alicheka, akaondoka. Mama Joséphine akaja mbele yangu, akanyoosha mkono, akadai ufunguo. Nilimpa. Aliufunga kwenye pindo la kitenge chake, na tangu siku hiyo hata Ézéchiel hafunguliwi mpaka amweleze kwanza anafuata nini.

Nisalimie wote hapo Butembo, uwabusu watoto mmoja mmoja. Mungu awalinde.

Mdogo wako akupendaye,
Annie Musoki, bibi wa Ézéchiel (napenda tu kuliandika)