Samli kwenye Uzi wa Upinde

Salaam aleikum Kaltuma,

Chai iko kwa themosi. Upinde usiutafute, niko nao.

Baada ya swala ya alfajiri niliona uzi wake umeanza kufumuka pale unapozunguka kigurudumu cha ncha ya upinde. Nikaupaka samli, vile tunapaka kamba za kibuyu cha maziwa. Kumbe paka ananiangalia! Nilipogeuka akaulamba, akautafuna. Haya, cheka.

Naupeleka kwa mwalimu wako Kabiru aweke uzi mpya. ~~Leo usiende mazoezi.~~ Enda mazoezi, uazime upinde wa mwenzako Ubah.

Jana ulisema naona aibu msichana wangu kulenga shabaha. Iliniuma. Ningeona aibu, ningehangaika na uzi? Jumamosi kwa mashindano nitakaa mbele kabisa, Inshallah, watu wajue wewe ni wa nani.

Mama yako