Siku Mama Alipoilinda Mashine

Nyumbani,
nyuma ya kinu cha kusaga nafaka.
Jumapili, mvua imekatika sasa hivi.

Mpendwa Mama Mdogo,

Shikamoo. Hujambo, na goti lako linasemaje? Mama anasema mvua zikianza tu huko kwenu nalo huanza kuuma, na amesisitiza nikuulize habari zake kabla ya neno lingine lolote. Baba Mdogo je, kile kikohozi kimemwachia? Sisi huku wazima. Mama ana nguvu zake, baba ana sauti yake, nami nipo.

Uliniuliza vifaranga wangu wanaendeleaje. Nimeianza barua hii mara kadhaa na kuichana. Leo naimaliza kwa sababu kesho naanza kazi dukani, na sitaki kuingia huko na jambo hili likiwa limenikaa kooni bila kumwambia mtu hata mmoja.

Mashine yenyewe ya kuangulia uliiona kwenye picha: sanduku la mbao aliloniundia seremala jirani, balbu mbili, feni ndogo iliyotolewa kwenye kompyuta mbovu, kipimajoto, bakuli la maji la kutia unyevu. Niliiweka kwenye kile chumba cha uani kilichokuwa stoo. Awamu ya kwanza umeme ulikatika. Tulilizungushia sanduku mablanketi, mama akawa anachemsha maji, mimi nayatia kwenye chupa na kuzipanga pembeni, tukawa kama wauguzi wa mgonjwa asiyesema anaumwa wapi. Walitoka wachache, na mmoja alikuwa na mguu uliopinda. Lakini siku niliyosikia kifaranga akilia ndani ya yai ambalo bado halijapasuka, Mama Mdogo, nilikaa sakafuni nikacheka peke yangu. Hakuna kitu nilichowahi kukifanya kwa mikono yangu kikanijibu namna ile.

Baba alifurahi pia, kwa namna yake. Yaani alifanya maonyesho. Akija mgeni hata kabla hajakaa, anapelekwa uani na mfuniko unainuliwa. "Njooni mwone! Binti yangu kasoma mpaka kageuka mtetea. Wenzake wanalea, yeye anaatamia!" Wageni wanacheka, joto linatoka, unyevu unatoka, nami nimesimama mlangoni natabasamu. Mgeni hafukuzwi, na baba hakatazwi. Nusu ya wale niliowapoteza awamu ile waliuawa na ukarimu.

Kabla ya awamu ya pili akaweka sharti, mbele ya yule rafiki yake tunayemwita Mstaafu, ili pawe na shahidi. Wakitoka zaidi ya nusu, chumba cha uani ni changu, niendelee na kazi yangu na asiniulize mtu. Wasipotoka, nikaandike risiti kwenye duka la saruji la rafiki yake mwingine, na chumba apewe fundi cherehani ambaye amekuwa akikiulizia. Nikakubali. Nilimulika kila yai kwa tochi, nikayaondoa yasiyo na mbegu. Yaliyobaki yalikuwa na mishipa, na baadaye kivuli kinachochezacheza. Nilijua nitashinda. Siandiki hivi kwa kujisifu; nilijua tu, kama mtu anavyojua kwamba ameshiba.

Siku za mwisho kabla ya kuanguliwa, mayai hayageuzwi tena, yanaachwa yatulie, na mfuniko hauinuliwi kwa lolote. Unyevu ukipotea, ule utando wa ndani hukauka na kumbana kifaranga kama nguo mbichi iliyokaukia mwilini. Haya yote nilimweleza mama. Na siku hizo hizo ndipo mwenye duka akaniita kwa usaili, eti anione mapema, "ikitokea". Kutokwenda kungekuwa kumwaibisha baba. Mayai mawili yalishaanza kudonolewa kwa ndani. Nikamwambia mama, tena nikiwa nimeshika mkono wake: "Mama, mashine ifungwe. Asiifungue mtu mpaka nirudi. Hata baba."

Sasa isikilize sentensi hiyo kwa masikio ya dada yako. Mimi nimesomea lugha, Mama Mdogo; nimeandika kurasa na kurasa kuhusu maneno yenye maana zaidi ya moja. Na nimekulia katika nyumba ambamo redio hufunguliwa na kufungwa, feni hufunguliwa na kufungwa, pasi hufunguliwa na kufungwa. Mimi nilisema mfuniko. Mama alisikia swichi; nilishamwambia siku hizo mayai yanaachwa yatulie, naye akadhani mashine nayo inapumzishwa.

Dukani waliniuliza kama nina mchumba, kisha wakaniuliza kama mchumba huyo hana wivu, kwa kuwa mafundi ujenzi wana maneno mengi. Nikakalishwa kwenye benchi mpaka jioni. Niliporudi nilimkuta mama ameketi kwenye kigoda, mlangoni pa chumba cha uani, amejifunga kitambaa kiunoni kama anayesubiri ugomvi. Uso ulikuwa unamng'aa.

"Nimeifunga ulipotoka tu," akaniambia, "na hakuna aliyeifungua. Baba yako kaja na Mstaafu wake, nikamwambia leo hapana. Kashangaa! 'Hapana gani hiyo?' Nikamwambia hapana ya mwanangu. Kasema isifunguliwe, basi haifunguliwi. Ukitaka, nipite juu kwa juu."

Mama Mdogo, wewe ndiye uliyeniambia kwamba dada yako aliolewa na maneno mawili tu, "ndiyo" na "haya". Siku ile alipata la tatu. Na baba akageuka, akarudi sebuleni, akamwambia mgeni wake kwamba mashine ina matengenezo.

Nikamruka mama nikaingia. Balbu zimezima, feni kimya. Mbao zilikuwa na ule ubaridi wa sufuria iliyosahauliwa jikoni. Yai moja lilikuwa na tundu, na mdomo mdogo umechomoza tunduni, hautikisiki.

"Wamelala?" mama aliuliza nyuma yangu, kwa kunong'ona, asije akawaamsha.

"Wamelala, mama."

"Na mashine, imeshapumzika vya kutosha? Nikufungulie?"

"Acha, nitaifungua mwenyewe."

Walitoka watano tu, hata nusu hawakufika. Mayai ya wengine niliyapasua baadaye moja moja, peke yangu, na kila kifaranga alikuwa amekamilika, ana manyoya, ana kucha. Sikutaka kuona, lakini nilijilazimisha, ili nisije nikajidanganya siku moja kwamba pengine wasingetoka.

Baba alipouliza nikasema mayai yalikuwa viza, nimekosea kuyachagua. Alicheka, ingawa si sana. Nadhani naye alikuwa ameshaanza kunitamania ushindi. "Shule haiatamii mayai," akasema. Mstaafu naye, ambaye hawezi kuona kidonda bila kukitia methali, akaanza: kuku wa maskini hatagi, akitaga haangui, akiangua halei, akilea huchukuliwa na mwewe. Aliitamka yote, polepole, kama anayesoma hukumu. Mama alikuwa anamimina chai. Akasema, "Mwanangu alifanya kila kitu, na mimi nililinda. Iliyobaki si yetu."

Usidhani nilinyamaza kwa wema. Nina hasira mpaka leo. Naiona mikono yake ikiosha vyombo, nami natamani kusema: ndiyo hiyo iliyozima swichi. Siku moja neno lilifika kwenye meno. Alikuwa anamsimulia jirani juu ya ukuta, "Mimi nikamwambia nipite juu kwa juu!" na jirani anapiga makofi. Nikaingia ndani nikafunga mlango.

Lakini nimeyapima. Juzi baba aliitisha shati lake, mama akamjibu kwamba pasi haijapata moto, asubiri. Asubiri! Jambo dogo, ungecheka. Basi nikimwambia ukweli, mama atarudi kwenye maneno yake mawili, na hatamlindia mtu mlango tena maisha yake yote. Kwa hiyo chumba kimekwenda. Fundi cherehani ameshaleta meza na cherehani mbili, mtu mpole, amenisalimia kwa adabu hata nikashindwa kumchukia. Sanduku langu liko nje chini ya upenu, limefunikwa turubai. Wale watano wanaishi kwenye boksi jikoni, na mama anawaita wajukuu zake. Wamenona. Siwezi kuwatazama sana.

Kesho nitavaa ile blauzi nyeupe uliyonitumia, niende nikaandike risiti. Usinijibu kwamba nitapata nafasi nyingine. Huenda nitapata, lakini sitaki kuisikia sasa hivi.

Nisalimie Baba Mdogo, na binamu zangu wote, hasa yule wa mwisho anayeogopa kuku; mwambie kwa sasa hana haja ya kuogopa kuja kwetu. Baba anakusalimu. Mama anasema ulipunguzie goti ngazi.

Nina ombi moja. Ukipiga simu, mwombe mama akusimulie siku alipoilinda mashine. Atakusimulia yote, na alivyokaza kitambaa kiunoni. Msikilize mpaka mwisho, usimsahihishe popote, kisha mwambie alifanya vizuri. Mimi nimejaribu kumwambia mara nyingi, na kila mara mdomo unanigomea.

Mungu akuweke, na mlango wako usikose mtu wa kukaa mbele yake.

Ni mimi, nikupendaye hata nikiwa na uchungu,
Binti wa dada yako.